Mashine Inayoshauri Kumwaga Chumvi Barabarani

Katika jimbo la Indiana huko Marekani, chumvi si ya jikoni tu. Humwagwa barabarani kwa malori! Sababu ni baridi. Wakati wa kipupwe theluji huanguka, na maji yaliyo juu ya lami huganda yakawa barafu. Gari likipita hapo, linateleza tu, breki hazisaidii. Ndugu zetu wa Makete wanaijua sakitu ya asubuhi. Basi huko ni barabara nzima.

Maji yenye chumvi hayagandi upesi. Lakini chumvi nayo ina mwisho wa nguvu zake. Baridi ikiwa nyuzi 1 chini ya sifuri, kilo 1 ya chumvi huyeyusha zaidi ya kilo 40 za barafu. Ikishuka mpaka nyuzi 7 chini ya sifuri, kilo hiyo hiyo huyeyusha kama kilo 9 tu. Tena chumvi ni fedha, hula vyuma vya magari na madaraja, na huingia mitoni. Kwa hiyo kila jioni msimamizi wa barabara hujiuliza: nimwage, nisimwage? Kiasi gani? Saa ngapi?

Siku hizi kuna kompyuta za kumshauri. Hupokea utabiri wa hali ya hewa pamoja na habari za vipimo vilivyofukiwa ndani ya lami, kwa maana baridi ya lami si sawa na baridi ya hewa. Zilijaribiwa jimbo la Iowa mwaka 2003. Indiana ilizitumia jimbo zima katika kipupwe cha 2008 hadi 2009.

Je, zinafaa? Hapa wengi hukosea. Husema, "Tuhesabu siku ambazo kompyuta imepatia." Haitoshi! Tuseme katika siku 100, barafu hutokea siku 10 tu. Mtu akikaa kitako na kusema kila jioni, "Leo hakuna barafu," atapatia siku 90. Lakini zile 10 magari yatapinduka. Afadhali kuhesabu makosa, tena kila aina peke yake. Kusema barafu haiji, kumbe inakuja, huua watu. Kusema inakuja, isije, humaliza chumvi. Makosa hayo hayana uzito mmoja.

Jambo la pili, miaka hailingani. Indiana walitumia chumvi pungufu kwa tani kama 228,000 kuliko kipupwe kilichotangulia. Lakini vipupwe hivyo viwili havikuwa sawa. Wakapiga hesabu upya ili kuondoa tofauti ya hali ya hewa. Zikabaki tani kama 188,000. Yaani tani kama 40,000 hazikuwa kazi ya kompyuta, zilikuwa kazi ya mawingu! Mimi nawasifu, maana wangeweza kunyamaza na ile hesabu kubwa.

Hata hivyo, chumvi kupungua si faida kama ajali zimeongezeka. Na kama dereva alimwaga kwa mazoea yake bila kusikiliza ushauri, hapo unampima dereva, si kompyuta. Ndiyo maana kila usiku yafaa kuandika mambo matatu daftarini: kompyuta ilisema nini, dereva alifanya nini, na asubuhi barabara ilikuwaje.