Siku Ambazo Kichwa Hakiumi

Kiangazi kikifika katikati, usiku wa Pepa huwa na baridi isiyojulikana kando ya ziwa. Pepa iko kusini mwa Kalemie, mkoani Tanganyika nchini Kongo, juu ya nyanda za Marungu, nchi ya nyasi na ng'ombe ambayo vilele vyake vya juu hupita mita 2,400. Mtu aliyezoea joto la Kalemie akipanda huku hutafuta blanketi kabla jua halijazama. Bukari ikishaiva, mbabula, yaani jiko la makala, haiachwi nje. Huingizwa chumbani, makala yakiwa mekundu, mlango ukafungwa, watu wakalala.

Asubuhi kichwa kinagonga. Tumbo linachafuka kidogo, miguu mizito. Mwenye nyumba anakumbuka alichokula: maharagi, maziwa, sombe iliyolala. Anaacha maharagi wiki nzima, kichwa bado. Anaacha maziwa, kichwa bado. Baada ya mwezi sahani imebaki na vitu viwili, mwili umekonda, na tayari kuna ndugu anayenong'ona kwamba huenda mtu amelishwa sumu. Hapo ndipo majirani huanza kutazamana vibaya.

Kosa liko katika swali. Mgonjwa anauliza alikula nini siku aliyoumwa, lakini hajiulizi ilikuwaje siku ambayo hakuumwa. Angeuliza hivyo, huenda angekumbuka kwamba kichwa kilitulia juma alilolala Kalemie, kikatulia tena usiku ule makala yalipokwisha, ingawa maharagi aliyala siku zote hizo. Makala yaliyowaka vizuri hayatoi moshi, na ndiyo sababu yanaaminiwa. Lakini yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikiwa kidogo huumiza kichwa na kuleta kichefuchefu. Ikijaa chumbani huua watu usingizini. Iko dalili inayoifichua: wote waliolala chumba kimoja huamka vibaya, kisha hupata nafuu wakitoka nje. Chakula kibaya hakimwachii mtu kwa sababu amevuka kizingiti cha mlango.

Njia hii ya kutazama pale ambapo ugonjwa haupo ina historia nzuri katika Afrika Mashariki. Mwaka 1961 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, aliondoka na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari kuukuu. Walizunguka kiasi cha kilomita 16,000, hospitali baada ya hospitali, wakiuliza kama kulionekana watoto wenye uvimbe wa taya wa aina fulani. Jibu la "hapana" walilipokea kwa uzito sawa na la "ndiyo". Majibu yalipowekwa kwenye ramani, nyanda za juu zenye baridi zilibaki tupu. Ugonjwa ulifuata joto na mvua, yaani nchi za malaria. Burkitt hakuwa ametambua chanzo chote, lakini sehemu tupu za ramani zilimwonyesha pa kutafuta. Miaka ya 1970 mtu huyohuyo alilinganisha matumbo ya wanavijiji wa Uganda na ya Waingereza, na kuuambia ulimwengu kwamba vyakula vyenye makapi mengi hupita upesi na kuzuia kufunga choo.

Kongo yenyewe ina mfano mzito zaidi, nao umo ndani ya muhogo. Ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu yote miwili ghafla, ulielezwa na daktari Giovanni Trolli mwaka 1938 kutoka Kwango, magharibi mwa nchi. Jina konzo ni la Kiyaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na mababu walijua dawa yake: kuuloweka siku tatu, kisha kuuanika. Sasa tazama kilichotokea Bandundu, magharibi hukohuko. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipojengwa, wafanyabiashara walikuja na malori, na akina mama wakafupisha kuloweka ili wauze upesi. Chakula kilikuwa kilekile, shamba lilelile, mapishi yaleyale. Kilichobadilika ni idadi ya siku muhogo ulizokaa majini, na familia zilizokuwa na uhaba wa samaki, nyama na maharagi ndizo zilizoumia. Mtafiti Thorkild Tylleskär na wenzake walipochunguza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walikuta konzo palipofupishwa kazi. Vijiji vilivyoloweka vizuri vilisalimika.

Lau mtu angeishia kusema "muhogo una madhara", angewanyima mamilioni ya watu chakula chao na asingepata kiini cha jambo. Hata leo, mtu anayepata kizunguzungu, kuumwa kichwa na kutapika saa chache baada ya bukari ya muhogo inampasa aulize kwanza unga ule ulilowekwa siku ngapi, na nani aliuuza. Na kuna dawa rahisi kwa unga ambao historia yake haijulikani: mtafiti Howard Bradbury wa Australia alionyesha kwamba ukiloweshwa maji na kutandazwa mwembamba, saa mbili juani au tano kivulini, sianidi nyingi hupotelea hewani. Jioni unga huo huo hupikwa bukari.

Maziwa ni kesi nyingine, na huko Pepa, kwenye ng'ombe, haikwepeki. Mtoto huzaliwa na kimeng'enya cha kuvunja laktosi, sukari ya maziwa. Kwa watu wazima wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua. Laktosi ikifika utumbo mpana bila kuvunjwa, bakteria huichachusha, tumbo hujaa, hunguruma, huharisha. Wengine hawapungukiwi, na ni suala la damu ya ukoo. Mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walipima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakachapisha matokeo mwaka 2007: jamii za wafugaji zilikuwa na mabadiliko yao wenyewe ya jeni, tofauti na yale ya Wazungu, yanayowawezesha kunywa maziwa hadi uzeeni. Ndiyo maana mfugaji na mkulima wakikaa kwenye mkeka mmoja wanaweza kunywa kikombe kimoja, mmoja alale vizuri na mwingine akeshe chooni. Hakuna aliyemroga mwenzake.

Lakini aliyekesha asikimbilie kuacha maziwa yote, maana yana protini na kalisi ambazo watoto wa mlimani wanazihitaji. Kikombe cha mililita 250 kina laktosi kiasi cha gramu 12, na watu wengi wenye tatizo hili hukivumilia kikinywewa kimoja, hasa pamoja na chakula. Maziwa ya mgando ni mepesi zaidi, kwa sababu bakteria wa kugandisha wamekwisha kula sehemu ya laktosi. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kushindwa na vikombe vitatu vya maziwa mabichi asubuhi, akala mgando jioni bila shida.

Basi uchunguzi wa nyumbani hufanywaje? Kaye ya shule na kalamu vinatosha. Kwa majuma mawili mtu haachi kitu chochote, anaandika tu. Saa ya kula, alichokula na kiasi chake, saa ya kulala, mbabula ilikuwa wapi, chai au kahawa ngapi, pombe, kazi nzito, ugomvi, hedhi kwa mwanamke, na dalili ilianza saa ngapi. Siku njema ziandikwe kwa urefu uleule. Watu wengi hukosea hapo: kaye inajaa siku za maumivu, siku za raha zinaachwa kurasa tupu, na ulinganisho hauwezekani. Saa nazo husema mengi. Anayekunywa kahawa nyingi kila siku akaiacha Jumapili anaweza kuumwa kichwa kati ya saa 12 na 24 baadaye, naye atalaumu chakula cha sikukuu. Anayekula bukari nyingi na pilipili kisha akajinyosha kitandani papo hapo atapata kiungulia; akila saa tatu kabla ya kulala, sahani ileile mara nyingi haimsumbui.

Baada ya hapo huondolewa kitu kimoja. Kimoja tu, majuma mawili au zaidi, kisha kirudishwe. Hatua ya kurudisha ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo yenye uthibitisho, kwa kuwa maumivu mengi hupungua yenyewe na chochote kilichoachwa wakati huo huchukua sifa. Dalili ikiondoka, ikarudi kitu kiliporudi, na hayo yakatokea tena mara ya pili, hapo kuna la kuzungumza.

Uchunguzi huu una mipaka, na mwandishi yeyote wa afya mkoani Tanganyika lazima aiseme kwa sauti. Homa ni ya kupimwa malaria siku hiyohiyo. Kuharisha maji mengi kunapelekwa kituoni mara moja, kwa kuwa kipindupindu kimezoea mwambao wa Kalemie. Damu kwenye choo, kukonda bila sababu, kumeza kwa shida, kichwa kinachouma pamoja na shingo kukakamaa: hayo si ya kaye. Midomo ikivimba au pumzi ikibana baada ya kula karanga, samaki au yai, chakula hicho hakirudishwi nyumbani kwa kujaribu. Mtoto mdogo na mama mjamzito wasipunguziwe chakula bila mganga kujua.

Na mganga akionana na mgonjwa, kaye hiyo humfaa sana. Kituoni Pepa foleni ni ndefu na dakika ni chache. Mtu anayesema "tumbo linanisumbua siku nyingi" anaanza kuulizwa upya. Anayefungua ukurasa na kuonyesha usiku kumi wenye maumivu na usiku minne bila maumivu, mbabula ikiwa nje katika ile minne yote, amekwisha kufanya nusu ya kazi kabla ya kukaa kwenye benchi.