Pelagra: Ugonjwa wa Wanaokula Ugali Mtupu

Mwaka 1990, zaidi ya wakimbizi 17,000 wa Msumbiji waliokuwa wakiishi Malawi waliugua pelagra. Mahindi ya msaada waliyapata. Kilichokatika ni mgao wa karanga, na karanga ndizo zilizokuwa zikiwapa niasini, yaani vitamini B3, ambayo upungufu wake huleta pelagra.

Mahindi nayo yana niasini, ila imefungamana na viambato vingine vya punje kiasi kwamba utumbo hauifyonzi vizuri. Mwili unaweza kujitengenezea niasini kutokana na triptofani, moja ya vijenzi vya protini, lakini mahindi yana triptofani kidogo. Wenyeji wa Meksiko tangu kale huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa, na chokaa huiachilia niasini hiyo. Zao hilo lilienea duniani bila ufundi huo.

Dalili za pelagra zinatambulika kwa macho. Ngozi inayopigwa na jua huwa nyekundu, kisha hukolea weusi, hukauka na kupasuka: mikononi, miguuni, usoni, na shingoni kama mkufu. Hutokea pande zote mbili za mwili kwa ulinganifu, na mpaka kati ya ngozi nzima na iliyoathirika huonekana wazi. Ulimi huwa mwekundu na kuuma, mgonjwa huharisha, hukosa usingizi, husahau na hata kuchanganyikiwa. Asipotibiwa hufa.

Walio hatarini zaidi ni wanaokula ugali bila kitoweo, walevi wa kupindukia, na wagonjwa wenye utapiamlo wanaotumia isoniazidi, dawa ya kifua kikuu inayovuruga utengenezaji wa niasini mwilini.

Tiba ni rahisi. Mtu mzima hupewa nikotinamidi miligramu 300 kwa siku, zikigawanywa mara tatu, kwa wiki tatu hadi nne. Maumivu ya ulimi hupungua ndani ya siku chache. Ngozi huchukua wiki kadhaa. Kwa kuwa vitamini hazipungui moja moja, mgonjwa huongezewa vitamini B nyingine pamoja na chakula chenye protini. Aliyedhoofu sana aanze kulishwa kidogo kidogo hospitalini, na apewe thiamini (vitamini B1) kabla ya dripu ya glukosi, kwani sukari ikitangulia inaweza kumdhuru ubongo.

Inasikitisha kwamba mgonjwa anaweza kuzungushwa na mafuta ya kupaka, au familia ikaamini amerogwa, ilhali vidonge vya bei nafuu vingemponya. Kwa hiyo mhudumu wa afya anayeona ngozi ya namna hii aulize kwanza mgonjwa amekuwa akila nini. Na nyumbani, sahani ya ugali isikose karanga, dagaa, maharage au yai. Kinga ya pelagra ni kitoweo.