Kasongo na Kabambare: Wengi wanatamani gitaa ya umeme, lakini mwenye ampli ndiye mwenye orkestra

Muulize kijana anayepiga gitaa katika Kasongo ao Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, angenunua nini kama angepata dola mia chache. Wengi watajibu bila kufikiri: gitaa ya umeme, kama Stratocaster ya Fender ao Les Paul ya Gibson, zile wanazoziona kwenye simu. Wachache watataja ampli. Wachache zaidi watataja batri. Lakini katika vijiji vyetu vingi ambavyo havina waya wa umeme, ni ampli na batri ndivyo vinavyoamua nani atapiga, wapi, na chini ya amri ya nani.

Tamaa hii si ya leo. Franco Luambo, aliyezaliwa mwaka 1938, alijitengenezea gitaa yake ya kwanza akiwa mtoto, kwa kopo na nyuzi za waya. Mwenda Jean Bosco, yule aliyeimba kwa Kiswahili cha Katanga, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, leo Likasi, akiwa na gitaa ya mbao tupu, bila umeme wowote. Mwaka uliofuata, 1953, Mbelgiji Bill Alexandre alifika Léopoldville kufanya kazi katika studio ya CEFA, akaleta gitaa za umeme. Tangu hapo sauti ya gitaa nchini Kongo ilibadilika, na sebene tunayoijua leo ilikua juu ya sauti hiyo.

Ila gitaa ya mbao unaipiga popote, hata chini ya mwembe. Gitaa ya umeme haifanyi hivyo. Chini ya nyuzi zake kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika, unaamsha umeme kidogo sana ndani ya waya huo, na ampli ndiyo inayoukuza mpaka usikike. Bila ampli, gitaa ya dola elfu moja haisikiki hata nyumba ya pili.

Ndiyo sababu, katika muziki wetu, mwenye vyombo amekuwa na nguvu kuliko mpigaji. Mfano ulio karibu ni wa mwana wa Maniema mwenyewe. Remmy Ongala, aliyezaliwa mwaka 1947 upande wa Kindu, alienda Dar es Salaam mwaka 1978 na kuingia Orchestre Makassy. Baadaye akaongoza Super Matimila, orkestra iliyomfikisha Ulaya na kutoa sahani ya “Songs for the Poor Man” mwaka 1989. Watu wengi wanajua jina la Matimila, lakini wachache wanajua lilikotoka: lilikuwa jina la mfanyabiashara aliyekuwa mwenye vyombo. Mwimbaji wa maskini alibeba jina la mwenye ampli.

Huku kwetu mwenye vyombo anaweza kuwa mwenye baa, mfanyabiashara ao kanisa. Si jambo baya. Bila wao, vijana wengi wasingegusa gitaa ya umeme hata siku moja. Lakini siku mwenye vyombo akihama, ao akikosana na wapigaji, muziki unalala. Mpigaji anabaki na vidole vyake tu.

Basi mtu ambaye ameweka feza yake kidogo kidogo anunue nini kwanza? Hesabu inasaidia. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1.200. Mafundi wanashauri usiimalize kupita nusu, isife mapema, kwa hiyo unabaki na 600. Ampli inayokula wati 50 itaimba saa kumi hivi, ukitoa umeme unaopotea katika kifaa cha kuufikisha kwenye volti 220. Ampli inayokula wati 300 haitafikisha saa mbili. Na sahani ya jua ya wati 100, kwa saa tano za jua kali, hairudishi zaidi ya wati-saa 500. Siku ya mvua inarudisha chini zaidi. Ukipiga harusi Jumamosi, usiahidi ibada ya Jumapili kama una batri moja tu.

Kwa hesabu hiyo, ampli kubwa za sifa si rafiki wa kijiji. Twin Reverb ya Fender, ambayo wapigaji wa dunia nzima wanaisifu, ina uzito wa karibu kilo 29, na taa zake za kioo zinakula umeme hata kama hakuna anayegusa uzi. Ifikirie juu ya pikipiki, katika matope ya njia inayotoka Bukavu kuja Kasongo. Ifikirie pia Kabambare, ambako wakaaji wa Salamabila na vijiji vingine wamekimbia mapigano zaidi ya mara moja. Chombo usichoweza kubeba kichwani, siku ya kukimbia unakiacha. Ziko ampli ndogo, kama Micro Cube ya Roland, zinazotumia mawe sita madogo ya AA. Hazitoshi kwa uwanja, lakini zinatosha kujifunza nyumbani na kupiga mbele ya watu wachache.

Kuhusu gitaa yenyewe, ile ya bei ndogo, ikirekebishwa na fundi mzuri, inaimba vizuri. Feza inayobaki iende kwenye ampli, batri na nyuzi za akiba, kwa sababu uzi ukikatika Kibangula, duka la muziki liko mbali.

Na kama feza ya mtu mmoja haitoshi, likelemba ipo. Mama zetu wanaitumia kununua sufuria na mbuzi, na makundi ya AVEC yanaweka akiba kila juma katika sehemu nyingi za mashariki. Wapigaji sita wanaweza kufanya vilevile: mwezi huu batri, mwezi ule ampli, kisha gitaa. Waandike tangu mwanzo, kwenye karatasi yenye sahihi zao wote, chombo ni cha nani na anayetoka anarudishiwa nini. Hapo orkestra itabeba jina ambalo wapigaji wenyewe wamelichagua.