Kesi ya Parlour na karatasi ambayo mastaa wanaikwepa

SHABIKI wa Arsenal ukimtajia Ray Parlour, anakumbuka lile shuti la nje ya boksi dhidi ya Chelsea, fainali ya Kombe la FA mwaka 2002. Wakili wa Uingereza ukimtajia jina hilo hilo, anakumbuka kitu kingine kabisa.

Julai 2004, chini ya miezi miwili tangu Arsenal imalize ligi bila kupoteza mechi, Mahakama ya Rufaa jijini London ilitoa hukumu ya kiungo huyo na aliyekuwa mkewe, Karen. Walifunga ndoa 1998, wakatengana 2001, wana watoto watatu. Nyumba mbili na pauni 250,000 za mkupuo hazikuwa na kelele. Kelele ilikuwa kwenye mshahara.

Parlour alikuwa anaingiza kama pauni milioni 1.2 kwa mwaka baada ya kodi. Mahakama ya chini ilimpa Karen pauni 212,500 kwa mwaka. Akakata rufaa, akapewa 406,500, kwa miaka minne. Yaani karibu theluthi ya mpunga wote, tena wa mechi ambazo jamaa alikuwa hajazicheza.

Mtaani wengi walisema ni tamaa. Lakini soma sababu. Mahakama ilikubali kwamba Karen alimsaidia mumewe kuachana na ulevi. Anayeijua Arsenal ya kabla ya Wenger anajua bia zilivyokuwa zinanyweka pale. Bila mtu wa kumtuliza nyumbani, huenda Parlour asingefika 2004 akiwa bado anakimbia.

Sababu ya pili ndiyo iliyonivutia. Majaji walijua mshahara wa mpira ni wa miaka michache, baada ya hapo ukame. Ndiyo maana wakaweka kikomo, na kumtaka Karen aweke akiba kwenye kile anachopata. Kuna mameneja wa wachezaji hawajawahi kuwaambia vijana wao jambo hilo.

Mabishano yote yale yalihusu mshahara na mchango, siyo karatasi iliyosainiwa kabla ya harusi. Na hata ingekuwepo, enzi hizo mahakama za England hazikuipa uzito mkubwa. Mambo yalibadilika Oktoba 2010, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Radmacher na Granatino. Hapo tajiri alikuwa mwanamke, Mjerumani, na mume Mfaransa ndiye aliyetaka kuukwepa mkataba. Majaji wakasema kama wote wawili walisaini kwa hiari na kuelewa wanachosaini, mkataba uheshimiwe, isipokuwa pale itakapokuwa si haki.

Kuelewa ndiyo kazi. Kila mmoja awe na wakili wake, kila mmoja aweke mali zake mezani, na isiwe kumletea bibi harusi kalamu usiku wa kuamkia harusi. Mahitaji ya watoto huwezi kuyafuta kwa saini.

Huku kwetu mjadala ulipamba moto 2023, ilipovuma kwamba Achraf Hakimi kaandikisha mali zote kwa jina la mama yake. Ulikuwa uvumi, lakini vijiweni jamaa akawa shujaa. Hadi leo utasikia, "Dogo ukisajiliwa, kila kitu weka kwa mama."

Haya, weka. Siku mama akifariki, ile nyumba kwenye makaratasi ni ya marehemu. Kaka, dada na wadogo zako wote ni warithi. Wewe uliyevunjika mguu ukiitafuta hela yake unapanga foleni nao.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 wala haitishi kama inavyosemwa. Kifungu cha 58 kinasema ndoa yenyewe haibadilishi umiliki wa mali, na kinawaachia wanandoa nafasi ya kukubaliana vingine. Kasheshe ni kifungu cha 114, kinachoipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa nguvu za pamoja. Hata kiwanja ulichonunua ukiwa kapera kinaweza kuingia humo, kama mwenzio alishiriki kukiendeleza kwa kiasi kikubwa.

Na usiseme "yeye alikuwa anakaa tu nyumbani." Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufaa ilishaamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango.

Hata wale wanaoishi tu na mchumba hawajapona. Kifungu cha 160 kinasema mkikaa pamoja miaka miwili na majirani wakawachukulia kama mke na mume, sheria inaweza kuwadhania hivyo. Miaka miwili ni mkataba mmoja wa usajili. Wenzetu Kenya wameiandika waziwazi kwenye sheria yao ya mali za wanandoa ya 2013: wachumba wanaweza kuwekeana mkataba kabla ya ndoa, na mahakama inaweza kuufuta ukiwa na ulaghai, shinikizo au uonevu wa wazi.

Tukirudi kwa Parlour, ile miaka minne ya majaji ilikuwa iishe 2008. Mwezi ule ule wa hukumu alijiunga na Middlesbrough. Januari 2007 akaondoka, akamalizia msimu Hull City, na mpira wa kulipwa ukaishia hapo.