Pazia la Bendi: Hesabu Kwanza, Rangi Baadaye

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, kabla sijafika mbali naomba kuwatoa walimu wangu wasiwasi, hasa mwalimu wa nidhamu. Makala haya yanahusu bendi inayopiga muziki katika baa, lakini mwandishi hajawahi kuketi katika baa hiyo hata dakika moja. Nimeingia humo mara mbili tu, zote asubuhi, nikiwa na nyundo mkononi na mjomba wangu akiwa kando yangu. Baada ya kusema hayo, sasa nisikilizeni.

Mjomba hupiga gita katika bendi ya watu watano hapa Kapseret. Kila Jumamosi jioni wao hupiga benga na zilizopendwa katika baa moja kando ya barabara. Pesa anazopata si nyingi, lakini ndizo zinazonilipia chakula cha mchana hapa shuleni tangu kidato cha kwanza, na ndizo zilizoninunulia sweta hii mnayoniona nayo.

Mwaka jana mwenye baa aliwaita akawaambia wazi kwamba wateja wanawapiga picha kwa simu, na kila picha inaonyesha kreti za soda, ufagio na ukuta uliobambuka rangi. "Rekebisheni hapo nyuma yenu mwezi huu," akasema, "ama nitafute dijei. Yeye ni mtu mmoja na hana maneno mengi."

Mjomba alipanda matatu hadi mjini Eldoret kuuliza bei ya bango la kuchapishwa. Akaambiwa shilingi 8,000. Bendi nzima haipati pesa hizo kwa Jumamosi mbili. Akarudi nyumbani kimya. Mimi nikajitia kimbelembele nikamwambia, "Mjomba, niachie mimi. Nitawatengenezea pazia."

KOSA LETU LA KWANZA

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Mimi niliisoma methali hiyo, nikaiandikia insha, lakini sikuifuata. Nilikusanya magunia ya nailoni ya mbolea, nikayapasua, nikayashona pamoja, nikayapaka chokaa, kisha nikaandika jina la bendi kwa rangi ya mafuta. Gharama ikawa shilingi 900. Asubuhi ya Jumamosi tukalitundika na nikajiona fundi kwelikweli.

Kumbe! Yaliyotokea usiku huo nilisimuliwa kesho yake. Chokaa haishiki juu ya nailoni. Ngoma zilipoanza kutikisa ukuta, ikaanza kubanduka na kumwangukia mpiga kinanda kichwani, ati akafanana na mtu aliyetoka kusaga unga posho mill. Pale ilipobanduka, nailoni ikamulika macho ya watu kama kioo. Mwisho, balbu moja iliyokuwa karibu mno ikayeyusha tundu la ukubwa wa sahani, na harufu ikawatoa wateja wa meza za mbele. Mwenye baa akawapa wiki mbili za mwisho.

Mjomba hakunilaumu. Jumatatu alinipa pesa ya chakula kama kawaida, na hilo liliniuma kuliko kama angenikemea. Basi nikaamua kuuliza wanaojua. Nilimwendea mwalimu wetu wa fizikia, kisha fundi mmoja anayechora mabango ya maduka. Haya ninayoandika ndiyo niliyojifunza kwao na kwa mikono yangu.

PAZIA LINA KAZI GANI?

Nilidhani pazia ni pambo tu. Sivyo. Lina kazi nne.

Kwanza, linaficha uchafu. Pili, linawafanya wanamuziki waonekane. Jicho hukimbilia mahali penye mwangaza zaidi. Ukitundika kitambaa cheupe nyuma ya watu, macho yatakwenda kwenye kitambaa na nyuso zitakuwa giza. Simu nazo hufanya vivyo hivyo: zikiona nyuma kuna mwangaza mkali, hupunguza mwanga wa picha nzima na watu wakatoka weusi kama kivuli. Kwa hiyo pazia linafaa liwe la rangi nzito isiyong'aa.

Tatu, linataja jina la bendi. Mtu akipiga picha akawaonyesha wenzake, jina linasafiri bila nauli.

Nne, kazi ambayo hatukuitarajia: linatuliza sauti. Ukuta mtupu huirudisha sauti kama mpira. Kitambaa kizito kinachoning'inia mbali kidogo na ukuta hunyonya baadhi ya sauti nyembamba, na mwangwi unapungua. Sauti nene za besi hazizuiliki kwa kitambaa, hizo hupita tu.

Wala si jambo geni katika nchi yetu. Katika miaka ya 1990 wapiga picha waliokuwa na vibanda karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, waliweka nyuma ya wateja wao michoro ya meli na ndege. Mtu wa kawaida alisimama pale, akapigwa picha, akaonekana kama msafiri wa mbali. Hiyo ndiyo nguvu ya pazia la nyuma.

KUCHAGUA KITAMBAA

Hapa wanachama wa Kiswahili mtafurahi. Lugha yetu ina majina mawili ya vitambaa ambavyo vingefaa kazi hii. Kimoja ni marekani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Kiliitwa hivyo kwa sababu katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Marekani walikileta kwa wingi Unguja. Cha pili ni kaniki, kitambaa cha pamba chenye rangi nzito ya buluu iliyokaribia weusi. Sisi tulitaka kitu kama kaniki kwa bei ya mtumba, kwa hivyo tukanunua mashuka mawili ya kitanda, mazito, shilingi 250 kila moja.

Utajuaje kama shuka ni la pamba? Chomoa nyuzi chache pindoni, uzishike kwa koleo, uzichome nje ya nyumba ukiwa na maji karibu. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na huacha jivu laini. Uzi wa plastiki hujikunja, huyeyuka na kuacha kijidonge kigumu. Pamba ndiyo bora kwetu kwa sababu mbili: inashika rangi, na haiyeyuki ikadondokea watu. Lakini pamba pia huungua, msidanganyike. Balbu zote zikae angalau mita moja kutoka kwenye pazia, na mtu asivute sigara jukwaani.

HESABU

Fundi wa mabango aliponiona nimebeba brashi aliniuliza, "Kipimo kiko wapi?" Sikuwa nacho. Akanirudisha nyumbani.

Jukwaa letu lina upana wa mita 4. Tukaamua pazia liwe mita 4 kwa mita 2.4, na lianzie sentimita 20 juu ya sakafu ili lisikanyagwe. Nikachukua daftari la hisabati lenye miraba ya sentimita moja, nikachora mstatili wa miraba 20 kwa 12. Kila mraba wa daftari ukawa mraba wa sentimita 20 kwenye kitambaa. Yaani 20 mara 20 ni 400, na 12 mara 20 ni 240. Barabara kabisa!

Mstari wa kwanza wa miraba, juu kabisa, niliuacha wazi. Jina likakaa mstari wa pili na wa tatu, herufi zikawa na urefu wa sentimita 40. Kwa hesabu hiyo sehemu ya chini ya herufi iko mita 2 kutoka sakafuni, juu ya kichwa cha mpiga gita mrefu. Fundi alinifundisha kwamba kila mita 3 za umbali zinataka herufi ya sentimita 2.5 au zaidi. Meza ya mwisho iko mita 15, kwa hivyo sentimita 12.5 zingesomeka kwa shida. Zetu zinasomeka hata mlangoni.

Jina la bendi lina herufi tisa. Kila herufi nikaipa upana wa mraba mmoja na nusu, na nafasi ya nusu mraba kati ya herufi na herufi. Jumla ni miraba 17 na nusu. Ikabaki miwili na nusu, nikaigawa sawa kushoto na kulia. Ndiyo maana jina limekaa katikati, halikubanana mwishoni kama yale maandishi ya mikokoteni.

Katikati ya pazia hatukuchora kitu, kwani wanamuziki wanapaziba. Kushoto nikachora masuke ya ngano ya hapa Uasin Gishu. Kulia nikachora ndege inayopaa, kwa heshima ya uwanja wa ndege wa Eldoret uliofunguliwa mwaka 1997 huku kwetu Kapseret.

HATUA ZA KAZI

1. Tia mashuka rangi kabla ya kuyakata, kwa sababu maji moto huyafanya yarudi ndani. Sisi tulichemsha maji katika nusu pipa juu ya mafiga, tukatia pakiti nne za rangi ya nguo ya buluu nzito na kilo moja ya chumvi inayosaidia rangi kushika. Tukakoroga kwa mti saa nzima, kisha tukasuuza mpaka maji yakatoka safi.

2. Pima, kata na ushone. Mashuka yetu yalikuwa na upana wa mita 2.2 na urefu wa mita 2.6. Tuliyaunga ubavu kwa ubavu, mshono ukasimama wima katikati. Upana uliozidi tuliukata ukawa kanda za kufungia. Juu na chini fundi wa cherehani alikunja sentimita 10 kila upande, akashona mifuko mirefu ya kupitishia fito.

3. Piga kitambaa pasi, kitandaze mahali tambarare na ukikaze kwa mawe pembeni. Chora miraba kwa chaki na uzi ulionyooshwa. Hamisha mchoro mraba kwa mraba. Usiutazame mchoro wote, tazama mraba mmoja tu.

4. Paka rangi ya maji ya ukutani. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene, maana rangi nene hupasuka. Herufi zetu ni nyeupe, ngano ni ya manjano. Kwa baridi ya hapa kwetu, mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari, msiwe na pupa. Tulingoja siku nzima kati ya tabaka na tabaka, na mvua ilipotisha tulilala na pazia sebuleni.

5. Likikauka, piga chaki kwa kitambaa kikavu mistari ipotee. Pitisha fito mbili. Ya juu inabeba, ya chini inavuta ili pazia lisifanye mikunjo.

6. Tundika sentimita 15 mbali na ukuta. Balbu mbili ziwekwe mbele, moja kila upande, ili vivuli vya wanamuziki viangukie pembeni.

7. Baada ya kazi, lizungushe kwenye ufito kama mkeka. Usilikunje kama shuka.

GHARAMA

Mashuka mawili: shilingi 500
Rangi ya nguo na chumvi: shilingi 250
Rangi nyeupe ya maji, lita moja: shilingi 450
Rangi za kuchanganyia: shilingi 200
Uzi na fundi wa cherehani: shilingi 200
Kamba: shilingi 100
Fito mbili za mkaratusi: bure, kutoka kwa shamba la nyanya
JUMLA: shilingi 1,700

Pesa hizo hazifiki hata robo ya zile 8,000. Ukiongeza 900 za ujinga wangu wa kwanza, bado tuko chini ya nusu.

MWISHO

Tulilitundika Jumamosi asubuhi, siku mbili kabla ya wiki zetu kwisha. Mwenye baa alitoka jikoni, akasimama mlangoni, akasoma jina polepole kwa sauti, kisha akarudi ndani bila neno. Sikulala usingizi mzuri usiku huo.

Jumapili mjomba alipokuja nyumbani nilimkimbilia. "Mjomba, alisemaje?" Akatoa simu yake akanionyesha picha. Mwenye baa mwenyewe, amesimama jukwaani mbele ya ngano yangu, amevaa kofia na kutabasamu. "Alisema tukutane Jumamosi ijayo," mjomba akanijibu, "na nyingine baada ya hiyo."

Ndugu msomaji, umaskini wa mfuko si umaskini wa kichwa. Pazia la kwanza liliharibika kwa sababu nilianza na brashi. La pili limedumu kwa sababu nilianza na penseli.

Nina jambo la mwisho kwa viongozi wa Chama. Tunapojiandaa kwa mashindano ya drama, kila mwaka tunaigiza mbele ya ubao wenye hesabu za kidato cha kwanza. Pazia la mjomba hukaa kwetu wiki nzima bila kazi, na upande wake wa nyuma hauna maandishi, ila madoa machache. Nimemwomba ruhusa, naye amekubali kutuazima. Sharti lake ni moja tu: Ijumaa jioni liwe limerudi.