Fizi Zikizidi, Tusiseme Uvimbe

Hapa Louisville zipo familia nyingi za Kongo zinazozungumza Kiswahili, na wanachama wetu huombwa kufasiri kwa daktari. Fizi za mtoto zikinenepa, wengi wetu husema "uvimbe". Neno hilo linapotosha. Katika hali hii adimu ya kurithi, inayokadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 750,000, hakuna usaha, na kwa kawaida hakuna maumivu. Rangi ya fizi haibadiliki. Nyama yake ndiyo huongezeka polepole, hasa meno ya kudumu yanapoota, hata yakafunikwa.

Mwaka 2002 watafiti waliochunguza ukoo mmoja wa Brazili walikuta hitilafu katika jeni ya SOS1. Mzazi mmoja akiwa na hali hiyo, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi. Uchafu wa kinywa hauhusiki, wala laana.

Daktari hukata fizi iliyozidi, ingawa huweza kuota tena. Kwanza ataulizia dawa, kwani fenitoini ya kifafa na nifedipini ya shinikizo la damu nazo hukuza fizi.

Mama akisikia "uvimbe" ataomba antibiotiki, au atakumbuka "meno ya plastiki" ambayo baadhi ya waganga Afrika Mashariki huwang'oa watoto wachanga. Sisi tunapendekeza "fizi kuzidi kwa kurithi". Walimu wetu wenye jina bora watuletee.