Je, Wajua? Leza Hutafuta Rangi

Sogea, sogea, benchi hili linatutosha. Je, wajua kwamba leza ya kwanza duniani ilimulika tarehe 16 Mei 1960 huko Malibu, Marekani, na moyo wake ulikuwa kito cha rubi? Aliyeiwasha ni Theodore Maiman. Jarida la fizikia alilolipelekea makala yake liliikataa, na magazeti, kama kawaida yao, yakatangaza kwamba umepatikana mwale wa kuua watu!

Haikutimia hata miaka minne, mwale huohuo ukawa mikononi mwa daktari wa ngozi. Leon Goldman wa Cincinnati alichapisha matokeo yake mwaka 1963: rubi ilikuwa ikiunguza nywele nyeusi na madoa meusi, huku ngozi nyeupe ya pembeni ikisalimika. Shika hilo, tutalihitaji.

Na rubi haiko peke yake. Leza ya kuondoa nywele yenye urefu wa wimbi la mwanga wa nanomita 755 hutumia aleksandraiti, kito ambacho Tanzania hukichimba Manyara na Tunduru! Ile ya nanomita 1,064 hutumia jamii ya ganeti. Lakini vito vya mashine hukuzwa maabara, kwa hiyo usije ukaingia kliniki na bisibisi mfukoni.

Nyingine haina kito kabisa. Ina gesi ileile inayotoa povu kwenye soda yako. Leza ya kabonidayoksaidi ilibuniwa mwaka 1964 na Kumar Patel, mzaliwa wa India. Mwanga wake hauonekani kwa macho na kinachounyonya ni maji. Ngozi yako imejaa maji, basi panapoguswa pote panageuka mvuke papo hapo. Moshi unaofuka umewahi kukutwa na vinasaba vya virusi vya sunzua, ndiyo maana daktari mwenye akili huvaa barakoa na kuwasha mashine ya kufyonza moshi.

Sasa jishikilie. Mweusi wa Juba na mweupe wa Oslo wana chembe za kutengeneza rangi ya ngozi karibu sawa kwa idadi! Tofauti iko kwenye vifuko vya melanini, yaani rangi yenyewe, ambavyo chembe hizo hutoa: kwa mweusi ni vikubwa, vimejaa na vimetawanyika. Kiwanda ni kimoja, mzigo ndio tofauti.

Unaona tunakoelekea? Leza haijui kama imelenga unywele au shavu lako. Inajua rangi tu. Mwaka 1983 Rox Anderson na John Parrish wa Boston waliiandika kanuni yenyewe: chagua mwanga unaonyonywa na kile unachokilenga, kisha piga upesi kabla joto halijasambaa kwa jirani. Karibu kila mashine ya leza ya ngozi unayoiona leo inaifuata kanuni hiyo.

Basi, bibi yangu mwenye kidevu chenye mvi, pole: leza ya nywele haikuoni! Mvi hazina melanini, kwa hiyo mwanga unapita tu. Na wewe uliyezoea kung'oa kwa nta ama sukari iliyopikwa, acha wiki kadhaa kabla ya miadi, nyoa kwa wembe tu. Ukishaung'oa unywele na mzizi wake, leza itapiga nini?

Hata nywele zilizopo hazikubali kwa pamoja. Leza huziweza zile zilizo katika kipindi cha kukua tu. Zilizolala husubiri zamu yao, ndiyo maana utaambiwa urudi baada ya wiki kadhaa, tena na tena. Na kuna watu wachache, sikia maajabu, ambao nywele huongezeka badala ya kupungua! Madaktari wanalijua tatizo hilo na lina jina lake kabisa vitabuni.

Kipimo cha rangi ya ngozi kinachotumiwa kliniki kilianzishwa na Thomas Fitzpatrick wa Harvard mwaka 1975. Kilianza na madaraja 4 ya watu weupe peke yao! Sisi wengine tuliongezwa baadaye, daraja la 5 na la 6. Ukiniuliza mimi, dunia ilichelewa.

Habari njema ni kwamba ganeti ya nanomita 1,064 inapenya ndani zaidi na kunyonywa kidogo na melanini ya juu, kwa hiyo ndiyo salama zaidi kwa ngozi nyeusi. Kaka mwenye vipele vya ndevu shingoni, hii inakuhusu. Vipele hivyo mara nyingi si uchafu wala wembe mbovu: ni ndevu zilizojikunja na kurudi kuchoma ngozi, na leza hii huweza kuzipunguza.

Dada, harusi ni lini? Ukijipaka hina au piko, kaa mbali na leza mpaka rangi ifutike. Mwale utaikamata rangi iliyo juu na kukuachia malengelenge yenye umbo la maua uliyochorwa! Na piko nyeusi yenyewe mara nyingi ni rangi ya nywele, yenye kemikali inayoweza kukuunguza hata bila leza yoyote.

Tuje kwenye tatuu. Leza ya pikosekunde hupiga kwa muda mfupi kiasi cha sehemu mia kadhaa tu za trilioni ya sekunde. Mwanga unaoweza kuizunguka dunia mara 7 kwa sekunde moja, katika pigo la pikosekunde 750 unakuwa umesafiri sentimita 22 tu! Wino husagika, kisha chembe za kinga za mwili huumeza na kuusafirisha. Sehemu yake huishia kwenye tezi za limfu. Ndiyo, unaendelea kutembea nao. Wino mweusi ndio mrahisi kuondoka, na wino mweupe, shangaa nami, unaweza kugeuka mweusi hapohapo ukipigwa leza.

Unamkumbuka Mikhail Gorbachev, yule kiongozi wa Kisovieti, na lile baka jekundu kipajini? Ni mishipa midogo ya damu iliyotanuka, na aliishi nalo hadi alipofariki mwaka 2022. Leza ya rangi ya majimaji, nanomita 585 au 595, huilenga damu yenyewe. Watoto wenye baka kama hilo huweza kuanza kutibiwa wakiwa na wiki chache tu tangu kuzaliwa.

Mabaka meupe ya mbalanga? Hapo leza hufanya kinyume: ile ya nanomita 308 huiamsha rangi irudi. Michael Jackson alikuwa na ugonjwa huo, na uchunguzi wa mwili wake ulithibitisha. Siku ya Mbalanga Duniani ni 25 Juni, tarehe aliyofariki. Na kabla ya leza zote hizi, mwaka 1948 daktari Mmisri, El Mofty, alikuwa tayari akitibu mabaka hayo kwa dawa ya mmea na mwanga wa jua! Niels Finsen wa Denmark aliwatangulia wote: alipata Nobeli mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga.

Mkorogo nao una kichekesho chake, ila hakichekeshi. Haidrokwinoni inayopakwa miaka mingi ili uso ung'ae huweza kuzaa madoa ya bluu nyeusi yasiyofutika kwa maji wala kwa toba! Waliopaka weupe wakavuna weusi. Afrika Kusini iliipiga marufuku krimu hiyo madukani mwaka 1990. Hatimaye wengine humfuata daktari wa leza awaondolee madoa waliyoyanunua wenyewe.

Mabaka ya kahawia ya wajawazito ni mabishi kuliko yote. Leza yaweza kuyafuta leo na jua likayarudisha kesho, tena si jua tu, hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho huyachochea. Losheni ya kukinga jua yenye namba 30 huzuia asilimia 97 ya miale ichomayo. Ya 50 huzuia 98. Tofauti ni asilimia 1! Usilipe pesa nyingi kwa hiyo moja, lipia kujipaka tena mchana.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino losheni hiyo ni uhai. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu 1 mwenye ualbino kati ya kila 1,400, wakati Ulaya ni 1 kati ya 17,000 hadi 20,000. Na losheni yao, Kilisun, inatengenezwa palepale hospitali ya KCMC, Moshi!

Usijidanganye kwamba weusi hatupati saratani ya ngozi. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36, na ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Kwetu hupenda nyayo, viganja na kucha. Doa jipya hapo lipeleke kwa daktari wa ngozi. Kulifuta kwa leza kabla ya kuchunguzwa ni kuficha mwizi ndani.

Basi kabla hujalala kwenye kitanda cha kliniki, uliza mambo matatu: mashine ni ya nanomita ngapi, mtaijaribu wapi kwanza, na miwani yangu iko wapi? Wakikujibu kwa kicheko, chukua mkoba wako uondoke.